Kilichoua Betri za Papa Libérat

Generose wa Kasenga hakuwa na subira kabisa na watu wanaosema "imekufa tu." Mletee redio, mwambie imekufa tu, uone atakavyokukazia macho. Imekufaje? Asubuhi au jioni? Ilianza kukwaruza kwanza au ilinyamaza ghafla? Nani alikuwa ameishika? Kuna wateja waliochoshwa na maswali hayo wakaenda kwa mafundi wanaume wa kule chini sokoni, ambao hawaulizi kitu, wanapasha chuma chao moto na kuanza kuchomelea. Wengi walirudi baada ya wiki mbili, redio kwapani, wakiwa tayari kuulizwa.

Ugonjwa huo wa kuuliza alikuwa nao tangu utotoni, huko Mutarule. Baba yake alikuwa na redio ya betri nne, zile betri nene ambazo watu wa bonde la Ruzizi huziita mabuye. Mabuye yakiisha nguvu, mama yake aliyaanika juu ya bati kutwa nzima, na jioni redio ilisema tena kwa saa moja au mbili. Yakifa kabisa, watoto waliyapeleka shuleni, mwalimu akayapasua, akachanganya ule unga mweusi na maji ya majani, akapaka ubao. Generose alikuwa na miaka tisa alipoinua mkono na kuuliza: unga uko wote, kijiti cheusi kiko, ganda liko, sasa kilichoisha ni nini? Mwalimu akamwambia akae chini. Jamani, huyo mtoto hajakaa chini mpaka leo.

Alipoolewa na Michée, seremala wa Uvira, akakuta jirani na karakana ya mumewe fundi mzee wa redio. Alianza kwa kumuuzia chai, kisha akawa anamshikia tochi, kisha akawa anamsahihisha. Mzee alipostaafu alimwachia vifaa na wateja. Michée akamchongea meza yenye droo kumi na mbili, na kila droo ikapata kazi yake. Hiyo meza iko pale Kasenga, mtaa wa Uvira, miaka kumi na sita sasa, chini ya turubai la bluu, na jina la Generose lilivuka mto na mashamba likafika mpaka Sange. Watu wa Sange walikuwa wanapanda pikipiki kumletea simu na redio zao, wanapita mafundi sita njiani bila kusimama. Alijivunia jambo hilo kuliko alivyotaka watu wajue.

Basi ndivyo Papa Libérat alivyofika. Mwanamume mrefu, mkulima wa mpunga, miaka sitini na kitu, kofia ya kitambaa kichwani, kifua kinachopiga mluzi mdogo kila anapovuta pumzi. Alitoa mfukoni kitambaa, akakikunjua pole pole, ndani yake mlikuwa na kidude cheusi cha mraba chenye mdomo juu. Sigara ya umeme. Generose alikuwa ameziona kwa vijana waliotoka Bujumbura, zile za kutupa. Hii ilikuwa nyingine, yenye kifuniko kinachofunguka, na betri inayotolewa na kurudishwa. Moyo wake uliruka kidogo kwa furaha ya kuona kitu kipya.

Papa Libérat alieleza. Alikuwa anavuta sigara tangu akiwa na miaka kumi na saba. Daktari alimsikiliza kifua, akamwambia aache, na hakumficha lolote juu ya kitakachofuata asipoacha. Alijaribu mara nne, mara zote nne akashindwa kabla ya Jumapili. Bella, binti yake, muuguzi huko Bukavu, akamtumia hiki kidude, na maagizo marefu kwa simu: hiki nacho si chakula, papa, ni ngazi ya kushukia tu, kila mwezi nitakutumia maji ya kukijazia yenye tumbako pungufu mpaka ifike siku hutaki tena. Na mtu mwingine asikifungue-fungue. Kilifanya kazi wiki kadhaa. Betri iliyokuja nacho ilipotea siku alipovuka mfereji wa mpunga. Akanunua nyingine mnadani, kubwa, yenye nguvu, wala hakubania hela. Lakini kidude kilivuta mara tatu, kikawasha taa nyekundu, kikazima. Na kikizima, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye sigara za kawaida.

Generose akaitoa ile betri ya mnadani. Ilikuwa imeandikwa namba kubwa ajabu, elfu tisa na mia tisa. Akaipima uzito mkononi, akakunja uso, akavuka barabara hadi kwa Ezéchiel, mnunuzi wa dhahabu, mwenye mizani ndogo inayohisi hata punje. Ezéchiel alicheka kuona betri kwenye sahani ya dhahabu, lakini aliipima. Gramu ishirini na tisa. Kisha Generose akaweka betri moja aliyoitoa kwenye droo yake ya saba. Gramu arobaini na tano. Papa Libérat akainama mpaka pua ikakaribia kugusa mizani.

Ndani ya ile ya mnadani, Generose alimweleza, kuna kibetri kidogo kilichovishwa koti kubwa. Hakuna betri ya ukubwa ule duniani inayofika elfu tisa. Nzuri kabisa inafika elfu tatu na kitu, na anayeandika zaidi ya hapo anakucheka akiwa mbali. Tena kwa sigara ya umeme, namba hiyo siyo ya kuangalia kwanza. Fikiria bidoni, dumu la maji, alisema. Namba kubwa ni ujazo wa maji. Lakini hiki kidude kinataka maji mengi kwa mara moja, ndani ya sekunde tatu, ili kipashe moto ule waya mdogo. Bidoni kubwa yenye mdomo mwembamba haifai, bora ndogo yenye mdomo mpana. Akampa ya elfu mbili na mia tano yenye mdomo mpana. Papa Libérat alinung'unika kidogo, kulipia zaidi upate namba ndogo, lakini alivuta pale pale mbele ya meza, na kidude kikatoa moshi mzito mpaka Ezéchiel akatoka nje kuangalia. Mzee akacheka hadi kifua kikapiga mluzi.

"Hii itakaa mwaka," Generose alimwambia. "Hata zaidi."

Loh. Laiti angeuma ulimi. Wiki tano baadaye Papa Libérat alirudi, kofia imevutwa chini, betri mkononi. Taa nyekundu baada ya kuvuta mara nne. Generose aliona haya, akampa nyingine bila kumtoza, akaahidi tena. Hiyo ya pili haikumaliza hata mwezi. Safari hii mzee hakuja mwenyewe. Alimpa dereva wa pikipiki betri iliyokufa imefungwa kwenye kipande cha gazeti, pamoja na ujumbe wa mdomo ambao dereva aliusema huku akitazama pembeni: mwambie fundi, nimerudia sigara zangu, hizo angalau haziniahidi mwaka.

Na hakuishia hapo. Siku ya soko la Sange, mbele ya wauza mchele, Papa Libérat alisema kwa sauti yake yote kwamba yule mwanamke wa Kasenga anauza betri za maiti na kuzipima kwa mizani ya dhahabu ili watu waamini. Maneno ya namna hiyo hayahitaji pikipiki kufika. Ndani ya wiki mbili wateja wa Sange walikauka. Mwanamke mmoja, Pudentienne, aliyekuwa ameacha simu ya kutengenezwa, alikuja kuichukua kabla haijaguswa. Alisema ana haraka. Generose akamwona akipinda pale kona na kuingia kwa fundi mwingine.

Iliuma. Usiku ule alimwambia Michée wazi kwamba imemuuma, na Michée akamshauri amrudishie mzee hela yake mambo yaishe. Generose akamjibu kwamba hela si kitu. Jina lake ndilo lililokuwa linatembea Sange limepakwa matope, na kibaya zaidi, yeye mwenyewe hakujua kama ni uongo. Je, kama kweli ameuza betri mbovu? Betri mbili, wiki tisa. Hakuweza kumlaumu mzee mpaka ajue. Akilala aliiona ile betri. Akikoroga uji aliiona.

Asubuhi akafunga turubai upande wa barabara, jambo ambalo hafanyi kamwe, akaweka betri zile mbili mezani. Kipimo cha umeme kilisema zote zina volti nne na kidogo. Zimejaa! Mtu asiyejua angesema ni nzima. Akazifungia, moja baada ya nyingine, kwenye balbu ya pikipiki kuukuu. Balbu iliwaka vizuri, na kabla hajahesabu hadi mia moja ikaanza kuwa nyekundu, ikasinzia. Alipoondoa balbu, kipimo kikapanda tena polepole hadi karibu na nne. Kumbe nguvu imo ndani, ila mlango umeziba. Akachukua betri ishirini zilizobaki kwenye droo ya saba, za kifurushi kile kile, mnunuzi mmoja, siku moja. Alizijaribu zote, balbu moja, saa moja mkononi. Zote ishirini ziliwasha mpaka yeye mwenyewe akachoka. Kama mama yao ni mmoja, kwa nini wafe hawa wawili tu, na wote wafie Sange?

Hapo ndipo udadisi ulipomshinda uchungu. Alianza kuzigeuza zile betri mbili kwenye mwanga kama anayetafuta chawa. Ngozi yao ya plastiki ilikuwa ya zambarau, lakini upande mmoja tu ilikuwa imepauka, karibu nyeupe, na upande wa pili ilikuwa na rangi yake kamili. Pale mwishoni ngozi ilikuwa imejikunja na kurudi nyuma, kama inavyofanya plastiki ikionja moto. Zote mbili, upande mmoja. Mfuko wa shati haupaushi upande mmoja. Mtu aliyezizungusha mfukoni mwezi mzima angezipausha pande zote au asizipaushe kabisa. Generose akachukua betri moja mpya, akaitia kwenye mkoba pamoja na kipimo chake, akasimamisha pikipiki.

Sange alianzia kwa mshukiwa wa kwanza. Papa Libérat alikuwa anachajisha kwa Héritier, kinyozi mwenye sola juu ya kibanda chake, na Generose alikuwa na hakika nusu kwamba chaja ndiyo mwuaji. Héritier alimwacha apime anavyotaka huku akimnyoa mteja. Chaja ilikuwa nzuri kabisa, inajaza, inaacha, haipashi moto. Héritier aliapa kwamba haijawahi kukaa juani, iko chini ya meza pamoja na nywele. Generose akamshukuru, akamfuta moyoni kwenye orodha ya washukiwa, akatembea hadi kwa mzee huku akisikitika kidogo, maana angependa sana iwe chaja.

Papa Libérat alimpokea mlangoni, sigara ya kawaida ikiwa kati ya vidole. Hakumfukuza. Mtu wa bonde hawezi kumfukuza mgeni aliyetoka Uvira juani, hata akiwa ametangaza soko zima kwamba mgeni huyo ni mwizi. Lakini hakuficha sura. Alimwambia akae, akamwita mkewe, Mama Inamahoro, mwanamke mdogo wa umbo, mwepesi, aliyempokea Generose kwa mikono miwili na kumshika muda mrefu kuliko ilivyo kawaida. Generose akasema shida yake bila kuizungusha: hakuja kubishana, alikuja kuangalia betri moja inavyoishi siku moja hapa nyumbani. Akaiweka ile mpya kwenye kidude, akampa mzee. Wewe vuta kama siku zote, papa, nami nitakaa tu.

Mzee akaguna, akazima sigara yake, akavuta kidude, moshi ukatoka mwingi. Akavuta tena. Akamwuliza Generose atamletea betri ngapi zaidi kabla ya kukubali kosa, na Generose akajibu kwamba atakubali leo hii, akilikuta. Maneno hayo yalimpendeza mzee. Alimsimulia jinsi anavyokilinda kidude chake: mchana kifuani, usiku chini ya mto, wala haruhusu mtu akiguse, kwa sababu Bella alikataza. Maji hayajakigusa, jiko halijakigusa. Generose alimwuliza juu ya jua mara tatu, kwa njia tatu, na mara zote tatu mzee alisema hapana. Hakuwa anadanganya, uso wake ulikuwa mweupe kabisa wa ukweli. Generose alizidi kuchanganyikiwa, na kusema kweli alizidi kufurahia.

Wakala ugali wa muhogo na ndagala. Baada ya kula, Papa Libérat alivua shati lenye kidude mfukoni, akalitundika kwenye msumari, akajinyoosha kwenye mkeka ndani kama afanyavyo kila siku jua likiwa kichwani. Baada ya muda mluzi wa kifua chake ukawa wa usingizi. Generose alikuwa ameketi upande wa nyuma, kivulini mwa ukuta, akijifanya anachambua maharage. Mama Inamahoro alikuwa amemwambia apumzike chumba cha mbele, naye aliitikia, kisha akaona joto, akatoka. Hivyo mama hakujua kwamba yuko pale.

Akamwona mama akitoka ndani kwa vidole vya miguu, kiganja kimefumbwa. Akachukua kigoda, akakiweka karibu na jiko, kibanda kile cha nyuma chenye bati la chini. Akapanda, akanyoosha mkono, akalaza kitu kwenye mfereji wa bati kwa uangalifu wa mtu anayelaza mtoto. Akashuka, akafuta mikono kwenye kitenge, akainua macho juani kupima saa.

Generose akaacha maharage. Alitembea hadi pale, akagusa bati kwa kidole, akakiondoa upesi. Lilikuwa linachoma. Na pale juu, ikiwa imejaa chaji hadi juu, imelala upande mmoja kuelekea jua, ilikuwa betri yake ya zambarau. Alijua betri za jamii hii zinavyoweza kuamka zikipikwa, jinsi zinavyotema moto kama jiko la mafuta lililopasuka. Aliitoa kwa ncha ya kitenge, akaiweka chini kivulini, mbali na ukuta wa majani, ndipo akamgeukia mama. Mama Inamahoro alikuwa amesimama, mikono imening'inia.

Generose hakumkaripia. Angemkaripiaje? Alikuwa anamwona mama yake mwenyewe Mutarule, mabuye manne juu ya bati, jioni redio inasema. Miaka kumi na sita alikuwa anauza betri kwa watu wa bonde, anajua kila nyumba inaanika mabuye, na haikumjia hata siku moja kusema neno moja: hizi msianike. Maswali yote aliyowauliza watu, hilo hakuliuliza. Akajua pale pale kosa alilokuja kulitafuta linakaa wapi, na nusu ya kosa hilo ilikuwa imekaa Kasenga nyuma ya droo kumi na mbili.

Akamwuliza mama, kwa sauti ya chini, alianza lini. Tangu betri ile ya kwanza aliyomwuzia, mama alijibu, kila mchana, mzee akilala. Anaitoa, anaianika, anairudisha kabla hajaamka. Mzee akikuta kidude kina joto anadhani ni joto la shati. Alifanya kwa kificho kwa sababu mzee hataki mtu akiguse. Na ilikuwa inasaidia, mama alisema, na hapo akainua uso kidogo, kwa maana alichokiona alikiona.

"Kila nikiitoa ku jua, inavuta muzuri kupita asubui. Niliona na macho yangu, fundi. Sikubeshi."

Na hakuwa anadanganya! Hapo Generose alikaribia kucheka kwa mshangao, maana ni kweli tupu. Betri ya namna hii ikipata joto, mlango wake hulegea, hutoa nguvu kwa wepesi, hata iliyochoka hujifanya kijana kwa saa mbili. Lakini ndani inaungua. Inampa mzee nguvu ya leo kwa kula nguvu ya kesho, na siku inakuja ambapo hakuna kesho iliyobaki. Lile buye la redio ni kitu kingine, nalo likianikwa linapata kweli nguvu kidogo ya mwisho, kwa sababu lilikuwa linakufa hata hivyo. Alimweleza mama yote hayo wakiwa wamechuchumaa kivulini, betri katikati yao. Mama alisikiliza kama anayesikiliza hukumu. Kisha akauliza swali moja: basi ni mimi niliyeziua? Generose akajibu kwamba hakuna aliyekufa, mama.

"Weye huelewi," Mama Inamahoro akasema. "Ikizimika, anatafuta sigara. Akivuta sigara, usiku minye silali. Naesabu pumuzi yake. Naesabu, naesabu, na naogopa usiku moja nitaesabu, nikose ingine."

Generose alimshika mkono mama yule.

Mluzi wa ndani ulikatika. Papa Libérat alitoka akiwa na shati mkononi, kidude kimefunguliwa, kitupu. Aliangalia wanawake wawili chini, akaangalia betri kwenye udongo. Akamwuliza Generose kama amepata alichokuja kutafuta, maana aliahidi kukubali kosa leo hii akilikuta.

Generose akasimama. Alikuwa na ukweli mzima mkononi, ukweli wa kurudisha jina lake Sange kabla ya jua kuzama. Alihisi mkono wa mama ukimwachia.

"Nimelipata, Papa Bella," akasema. "Kosa iko yangu. Nilikuuzisha betri, sikukuambia namna ya kuichunga. Hizi azitaki joto. Nilipashwa kukuambia, sikukuambia."

Mzee akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyelipwa. Akaanza kusema kwamba yeye alijua, alisema tangu siku ile sokoni, na watu walimwona mkali bure. Mama Inamahoro akamkatiza. Generose aliambiwa baadaye kwamba katika miaka thelathini na tisa ya ndoa hiyo mama hakuwahi kumkatiza mumewe mbele ya mgeni.

"Ananifunika," akasema. "Usimuachie akubebee bulaumu yangu, fundi. Libérat, ni minye. Kila siku ukilala nilikuwa naitoa mu mfuko yako, naianika pale juu. Zile mbili zote. Na hii ya leo. Nilikuwa nataka isikuzimikie."

Papa Libérat aliangalia bati la jiko. Akaangalia kigoda kilichokuwa bado pale ukutani. Generose alimwona akiunganisha mambo pole pole, kigoda, bati, mchana baada ya mchana, mwanamke wa miaka sitini akipanda na kushuka huku yeye anakoroma. Alimwambia Generose kwanza, na alimwambia bila kumtazama, kwamba jina lake alilichafua mbele ya wauza mchele, na siku ya soko atasimama pale pale mbele ya watu wale wale. Atasema mwenyewe, yote, hata habari ya bati. Mama akashtuka kusikia hivyo, akaweka mkono mdomoni, lakini hakukataa.

Kisha mzee akavua kofia yake. Ndani, kwenye mkunjo, palikuwa na pakiti ya sigara, imebonyea, imebaki nusu. Aliishika kidogo, akaisogeza kwa mkewe.

"Kama ni kuanika," akasema, "anika hizi. Uziache pale juu mupaka mvua inyeshe."

Mama Inamahoro aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, hakujaribu kuficha lolote kati ya hayo mawili. Akarudi kwenye kigoda, na kwa kuwa machozi yalikuwa yanamzuia kuona, Generose akapiga magoti akakishika miguu kisiyumbe.